Kwa nini mwaridi huugua: maji, majani na mizizi katika bustani ya nyumbani

Anayetafuta ushauri kuhusu kutunza miwaridi hukutana mapema na kauli zinazopingana. Mmoja humwambia asiruhusu hata tone la maji liguse majani, kwa kuwa unyevu huleta madoa meusi. Mwingine humshauri ayaoshe majani hayo mara kwa mara kwa mpira wa maji, kwa kuwa ukavu huleta utitiri na ubwiri unga. Mmoja husisitiza kwamba matawi yakatwe hadi karibu na ardhi kila mwaka, na mwingine huonya kwamba anayefanya hivyo atakaa msimu mzima bila kuona ua. Wote hao wanaweza kuwa wanasema kweli. Tatizo ni kwamba kila mmoja anazungumzia ugonjwa wake, aina yake ya mwaridi na hali yake ya hewa bila kulitaja hilo, na msikilizaji huyapokea maneno yote kana kwamba yanahusu mche mmoja.

Ili kuyatenganisha mambo hayo, inafaa kuanza na kanuni ambayo wataalamu wa magonjwa ya mimea huitegemea: ugonjwa hautokei mpaka vitu vitatu vikutane, yaani mmea unaoweza kuambukizwa, kimelea kinachoweza kuushambulia, na mazingira yanayokipendelea kimelea hicho kwa muda wa kutosha. Kimojawapo kikikosekana, ugonjwa haupati nafasi. Katika bustani ya nyumbani kimelea ndicho kitu tusichokiweza kabisa, kwa sababu vijimbegu vya kuvu huja kwa upepo, kwa matone ya mvua, kwa nguo zetu na kwa miche mipya tunayoleta. Mche na mazingira yake, kwa upande mwingine, vimo mikononi mwetu kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, fedha na jasho la watunza bustani wengi huishia kwenye chupa za dawa, ambazo zinapambana na kile tusichokiweza, huku maamuzi makubwa zaidi yakiwa yamekwisha kufanywa bila kufikiriwa siku mche uliponunuliwa na shimo lilipochimbwa.

Udhaifu unaorithiwa

Miwaridi haifanani katika uwezo wa kupambana na magonjwa, na sababu yake imo katika historia ya uzalishaji wake. Tangu karne ya 19, wazalishaji wa Ulaya walichagua miche kwa kuangalia ua: umbo la tumba, ukubwa, rangi na kuchanua mara nyingi kwa mwaka. Kundi ambalo wengi hulifikiria wanaposikia neno waridi, lenye ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu, kwa kawaida huhesabiwa kuwa lilianza na 'La France', aina iliyotolewa mwaka 1867. Wakati huo miwaridi ya bustani iliyochanua mara kwa mara ilikuwa haina rangi ya manjano iliyokolea. Mwaka 1900 mzalishaji Mfaransa Joseph Pernet-Ducher alitoa aina aliyoiita 'Soleil d'Or', aliyoipata kwa kuingiza damu ya Rosa foetida, mwaridi wa Asia wenye maua ya manjano makali. Rangi hiyo ilipokewa kwa shangwe na ikaenea katika vizazi vingi vilivyofuata, lakini Rosa foetida huugua madoa meusi kwa urahisi sana, na udhaifu huo ulisafiri pamoja na rangi. Ndiyo maana hadi leo miwaridi mingi ya manjano, ya chungwa na ya rangi mbili hupoteza majani mapema kuliko jirani zake.

Mwelekeo umebadilika katika miongo ya karibuni. Wazalishaji wamerudi kwenye aina za porini zenye majani magumu, kama Rosa rugosa na Rosa wichurana, ili kupata miche inayojitetea yenyewe. Nchini Marekani, William Radler alizalisha 'Knock Out', iliyoingia sokoni mwaka 2000 na kuwaonyesha watu wengi kwamba mwaridi unaweza kubaki na majani yake msimu mzima bila kupuliziwa chochote. Nchini Ujerumani kuna majaribio yanayofahamika kwa herufi ADR, ambayo tangu miaka ya 1990 huitathmini miche bila kutumia dawa kabisa. Mwaridi wenye alama hiyo umepata sifa yake katika uwanja wazi, mbele ya magonjwa yote yaliyokuwepo. Binafsi naamini kwamba hakuna hatua katika kilimo cha miwaridi yenye faida kubwa kuliko hii ya kuchagua aina. Ni kweli kwamba kuvu ya madoa meusi ina koo nyingi zinazotofautiana, kwa hiyo mche unaosifika mahali pamoja unaweza kuyumba mahali pengine. Kwa sababu hiyo, kutazama bustani za jirani mwishoni mwa msimu wa mvua, na kuuliza jina la mwaridi ambao bado una majani hadi chini, ni ushahidi bora kuliko maelezo yaliyoandikwa kwenye kibandiko.

Kuna jambo jingine la kuulizia wakati wa kununua, nalo ni mizizi. Miwaridi mingi ya madukani ni ya kubebeshwa: jicho la aina yenye maua mazuri limeunganishwa na mche wa chini wenye mizizi yenye nguvu, kwa mfano Rosa canina au Rosa multiflora. Mche wa namna hii hukua haraka na hustahimili udongo mgumu, lakini kimsingi ni mimea miwili. Tawi likichipuka chini ya kiungo, huwa ni la mche wa chini, na likiachwa litashinda na hatimaye kuumeza mche wa juu. Maotea hayo yafuatwe hadi yanapoanzia kwenye mzizi na kung'olewa kwa kuvutwa, kwa sababu yakikatwa juu ya ardhi huacha macho yatakayochipua tena. Mwaridi ulioota kutokana na kipande cha tawi, ambao una mizizi yake wenyewe, hauna shida hiyo. Mfano unaojulikana ni mwaridi wa kale wa kanisa kuu la Hildesheim, Ujerumani, ambao ni Rosa canina: mabomu yalipoliharibu kanisa hilo mwezi Machi 1945, mche uliteketea hadi ardhini, kisha ukachipuka kutoka mizizini ukiwa mwaridi uleule. Mche wa kubebeshwa ukifa hadi chini ya kiungo kwa moto, baridi kali au ukame, unaochipuka baadaye ni ule wa chini pekee.

Jani lenye maji na jani kavu

Hapa ndipo mgogoro wa maji unapopata ufumbuzi wake. Madoa meusi husababishwa na kuvu iitwayo Diplocarpon rosae. Dalili yake ni doa la mviringo lenye kingo zilizochanika kama nyuzi, juu ya jani ambalo baadaye hugeuka manjano na kuanguka. Vijimbegu vyake havienei sana kwa upepo mkavu. Hubebwa hasa na matone yanayorukia juu kutoka jani lililoanguka au tawi lenye kidonda. Kijimbegu kikishatua, kinahitaji jani libaki na maji kwa takriban saa 7 mfululizo ili kiweze kupenya. Jani likikauka kabla ya hapo, maambukizi hukatika.

Saa hizo 7 zinaeleza mambo mengi yanayoonekana kama miiko. Anayemwagilia majani jioni huyalowesha wakati jua linapoondoka, kisha umande wa usiku hupokea zamu, na jani hubaki na maji hadi asubuhi, muda unaotosha na kubaki. Anayemwagilia asubuhi huongeza maji kwenye jani ambalo tayari lilikuwa na umande, na jua likipanda kila kitu hukauka pamoja. Kwa hiyo kosa halimo katika kulowesha jani peke yake. Limo katika kurefusha muda wa unyevu. Vivyo hivyo, ushauri wa kupanda mahali panapopata jua kwa saa 6 au zaidi una uzito zaidi pale jua hilo linapokuwa la asubuhi, kwa sababu ndilo linalofuta umande. Nafasi ya sentimita 60 hadi 90 kati ya miche ya kawaida ni kwa ajili ya upepo kupita na kukausha majani ya ndani, ingawa mizizi nayo hunufaika.

Ubwiri unga ni habari nyingine kabisa. Kuvu yake, Podosphaera pannosa, hufunika majani machanga, vikonyo na matumba kwa unga mweupe, na majani hujikunja. Vijimbegu vyake huruka kwa upepo na huota juu ya jani lisilo na maji. Maji yakitulia juu yake huvizuia kuota. Ugonjwa huu hupendelea siku kavu zenye joto la wastani zikifuatwa na usiku wa baridi wenye hewa nzito, na huwashika kwanza miwaridi iliyopandwa chini ya ukuta, ambapo mvua haifiki, mizizi ina kiu na hewa haisogei. Yule aliyeshauri kuosha majani alikuwa na ugonjwa huu akilini, au utitiri, ambao nao hustawi kwenye joto na vumbi. Ushauri wake na ule wa mwenzake vinapatana mara tu tunapotaja saa: majani yakioshwa asubuhi ya jua, ubwiri na utitiri hupungua, na madoa meusi hayapati saa zake 7.

Kutu hujitambulisha kwa vipele vya rangi ya chungwa upande wa chini wa jani na hutaka unyevu wa saa chache tu katika hali ya ubaridi. Joto kali huipunguza yenyewe. Ubwiri vinyoya, unaosababishwa na Peronospora sparsa, ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu huacha mabaka ya zambarau au hudhurungi yenye pembe, yaliyozuiwa na mishipa ya jani, na wengi huyadhania kuwa ni majani yaliyoungua kwa dawa. Huhitaji hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 85, kwa hiyo huonekana zaidi katika vibanda vilivyofunikwa na wakati wa mvua za baridi. Majani yanaweza kupukutika ndani ya siku chache. Njia ya kwanza ya kuudhibiti ni kufungua njia ya hewa.

Kwa magonjwa yote ya majani, usafi wa ardhi chini ya mche una faida inayopuuzwa. Majani yaliyoanguka yaokotwe na kuondolewa bustanini, kisha udongo ufunikwe kwa matandazo ya majani makavu yasiyo ya miwaridi, vipande vya magome au mboji, unene wa sentimita 5 hadi 8, yakiachwa mbali kidogo na shina. Matandazo huhifadhi unyevu na kulisha udongo, lakini kwa mwaridi yana kazi ya ziada: huzuia tone la mvua lisirudishe vijimbegu kwenye majani ya chini, ambako madoa meusi huanzia karibu kila mara.

Chini ya ardhi

Mizizi ya mwaridi hutaka maji ya kutosha na hewa ya kutosha kwa wakati mmoja. Udongo wa mfinyanzi uliojaa maji huinyima hewa, na kichanga kitupu hukauka kabla haijanywa. Ni vizuri kulijaribu shimo kabla ya kupanda: lichimbwe kina cha sentimita 30, lijazwe maji, liachwe yazame, kisha lijazwe tena. Ikiwa maji ya mara ya pili bado yamo siku inayofuata, tuta lililoinuliwa litafaa kuliko shimo lolote. Mboji iliyoiva huboresha udongo wa aina zote mbili. Samadi mbichi huunguza mizizi na haifai kuwekwa shimoni.

Kumwagilia kwa wingi na kwa nafasi ni bora kuliko kunyunyiza kidogo kila siku. Maji yanayofika kina cha sentimita 30 au zaidi huivuta mizizi chini, ambako ukame hauifikii upesi, na maji ya juujuu huifundisha kubaki juu. Mche mpya, ambao mizizi yake haijatoka nje ya shimo lake, hauwezi kusubiri kama mche mkubwa. Huo ukaguliwe kwa kidole, si kwa ratiba.

Majani ya manjano ndiyo malalamiko yanayosikika zaidi, na jibu la haraka huwa ni kuongeza mbolea. Kabla ya hapo inabidi kuangalia ni majani yapi. Yakiwa ya zamani, yale ya chini, na yamefifia yote kwa usawa, huenda naitrojeni ni haba. Yakiwa ya zamani lakini manjano yamekaa katikati ya mishipa, magnesiamu inashukiwa. Yakiwa machanga, ya juu, yamekuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, mche unakosa madini ya chuma. Na hapo mara nyingi chuma kimo udongoni tele, ila udongo una chokaa nyingi kiasi kwamba mizizi haiwezi kukichukua. Miwaridi hupendelea udongo wenye pH ya kati ya 6.0 na 6.5. Kipimo kikipanda sana juu ya hapo, mbolea ya kawaida haitasaidia. Kinachohitajika ni kushusha pH polepole kwa salfa na mboji, au kutumia chuma kilichotengenezwa kwa namna inayonyweka katika udongo wa chokaa. Na kama udongo umelowa daima, majani yatageuka manjano hata pasipo upungufu wa kirutubisho chochote.

Kwa sababu hiyo siafiki desturi ya kumwagia kila mwaridi chumvi ya magnesiamu eti ili maua yawe mengi. Chumvi hiyo ni tiba ya upungufu wa magnesiamu, na mahali pasipo na upungufu huo haina kazi, tena ikizidi huzuia mizizi kunyonya kalisi. Mbolea yenye naitrojeni nyingi nayo ina hatari yake: hutoa machipukizi marefu, laini, yenye maji mengi, ambayo ndiyo vidukari na ubwiri unga huyatafuta kwanza. Mwaridi unaokua kwa kasi ya wastani, ukilishwa kwa mboji na mbolea kidogo kila baada ya mkupuo wa maua, huwa na ngozi ngumu zaidi.

Mkasi

Kupogoa kuna shabaha mbili ambazo ni vyema zisichanganywe. Ya kwanza ni afya: matawi yaliyokufa, yenye vidonda, yanayosuguana na yanayojaza katikati ya kichaka huondolewa wakati wowote yanapoonekana, kwa mkasi mkali uliosafishwa kwa spiriti. Ya pili ni maua, na hapa ndipo kauli zinapogongana. Miwaridi ya kisasa inayochanua mara kwa mara huweka maua kwenye matawi mapya, kwa hiyo kuikata kwa nguvu huihimiza. Miwaridi mingi ya kale inayochanua mara moja kwa mwaka huweka maua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ikikatwa kabla ya msimu, maua yote huenda na matawi. Hiyo hupogolewa baada ya kuchanua. Mwenye mche asioujua jina afanye subira mwaka mmoja, autazame, ndipo aamue.

Kuhusu namna ya kukata, mafundisho ya zamani yalitaka mkato wa mshazari juu kidogo ya jicho linaloelekea nje. Mkato safi na kichaka kilicho wazi katikati ni mambo mema, lakini usahihi wa pembe umepewa uzito kuliko unavyostahili: majaribio ya Royal National Rose Society ya Uingereza yalionyesha kwamba miche iliyokatwa kwa mashine ya kusawazishia ua wa miti (uzio) haikuwa na maua machache kuliko iliyokatwa kwa uangalifu tawi moja moja. Lenye maana zaidi ni kutopunguza majani ovyo wakati wa kuondoa maua yaliyonyauka. Likatwe ua na sehemu fupi ya kikonyo chake, ili mche usipeleke nguvu kwenye tunda, na majani yabaki kwa sababu ndiyo jiko lake.

Mwaridi wa kutambaa unahitaji kuelekezwa kuliko kukatwa. Ncha ya tawi lililosimama wima hutuma homoni inayoyalaza macho ya chini, hivyo maua hukaa juu tu. Tawi hilo likilazwa karibu mlalo na kufungwa, macho yote yaliyo juu yake huamka na kutoa vikonyo vya maua.

Wadudu na dawa

Vidukari hukusanyika kwenye matumba wakati wa ukuaji mpya na kuwatia watu hofu, lakini mche mkubwa huwavumilia. Wakisukumwa kwa maji ya nguvu kwa siku kadhaa, na sisimizi wanaowalinda kwa ajili ya utamu wao wakizuiwa kupanda shinani, mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi na mabuu ya nzi wanaowala huja wenyewe na kumaliza kazi. Anayepuliza sumu kali mapema huwaua walaji hao pamoja na mawindo yao, na mara nyingi hupata mlipuko wa utitiri wiki chache baadaye, kwa kuwa utitiri huzaliana upesi kuliko adui zake. Sabuni maalumu ya wadudu, ikipakwa pia upande wa chini wa majani wakati jua si kali, hutosha katika hali nyingi.

Dawa za kuvu zina nafasi yake, ila ni lazima ieleweke kwamba nyingi kati yake hulinda jani lililo zima na haziponyi lenye doa. Anayeanza kupuliza baada ya nusu ya majani kuanguka analinda nusu iliyobaki tu. Salfa hufaa dhidi ya ubwiri unga, lakini huunguza majani joto linapozidi nyuzi 30 za Selsiasi, na haipaswi kutumiwa karibu na siku ambazo mafuta ya kilimo yamepulizwa. Dawa yoyote inayotumiwa mfululizo bila kubadilishwa na ya kundi jingine hujenga kuvu sugu, na maelekezo ya kibandiko kuhusu kipimo, glavu na kinga ya pua yafuatwe neno kwa neno.

Kuna hali ambazo hakuna dawa. Uvimbe mgumu wenye mabonde kwenye shina au mizizi hutokana na bakteria walioingia kupitia jeraha, na mche huo hung'olewa pamoja na udongo unaoizunguka mizizi yake. Vilevile, mwaridi ambao kila mwaka hupoteza majani yote licha ya jua, hewa na maji sahihi ni aina isiyofaa mahali hapo, na sioni sababu ya kuendelea kuupulizia. Unapoondolewa, mwaridi mwingine usipandwe moja kwa moja katika shimo lilelile, kwa sababu miche mipya hudumaa katika udongo uliowahi kubeba miwaridi kwa miaka mingi, jambo linalohusishwa na vijidudu na minyoo midogo inayojilimbikiza kwenye mizizi. Udongo huo uhamishwe kwa kina cha sentimita 45 hivi na kwa upana wa kutosha, uletwe mwingine kutoka sehemu ya bustani isiyowahi kuwa na miwaridi, na ule uliotolewa unaweza kutumika bila wasiwasi kwenye tuta la mboga.